Nati Isiyotaka Kufunguka

Kutu ni chuma kilichokunywa maji na hewa kikanenepa. Chuma kikikaa kwenye unyevu hugeuka, tabaka kwa tabaka, kuwa unga mwekundu unaochukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe: mara mbili kwa uchache, na hali ikiruhusu hata zaidi ya mara sita. Mgomo wa nati huanzia hapo. Kati ya hesi za bolti na hesi za nati kiwanda huacha upenyo mdogo sana ili nati iweze kuzunguka, na kutu ikizaliwa ndani ya upenyo huo haina pa kupanukia. Hubana. Kwa hiyo nati kuukuu haijashikwa na gundi wala na jini, ingawa maelezo ya pili hutolewa mapema kuliko mtu anavyotegemea. Imeshikwa na unene wake yenyewe. Anayelielewa hilo ameshajua nusu ya kazi. Nusu nyingine hulipwa kwa ngozi ya vidole.

Shishiyu, kata ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, haionekani kuwa mahali pa kutu. Bahari iko mbali, na kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni ya kusimuliwa. Lakini kutu haihitaji bahari. Inahitaji mashine iliyoachwa nje na mwenye mashine aliyesema ataishughulikia kesho. Plau hulima majuma machache mvua za kwanza zinapoanguka, kisha huegemezwa ukutani ikiwa bado imevaa udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ambao hushika maji siku nyingi baada ya mvua kukatika. Trekta huegeshwa chini ya mti kwa muda, na muda huo hupimwa kwa misimu ya pamba. Injini ya dizeli ya kusagia nafaka hustaafishwa umeme unapofika kijijini, hufunikwa turubai, na chini ya turubai jasho la usiku hufanya kazi ambayo mvua yenyewe isingeiweza. Mashine mpya huonekana Agosti kwenye viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, zikimeta rangi. Zilizobaki vijijini ndizo zinazofanya kazi, na ndizo zenye nati.

Kabla ya kuguswa, nati huulizwa kwao ni wapi. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, humo humo wilayani Maswa, na kwa miaka iliyofuata vyuma vya mataifa mengi vimeingia katika ukanda huu wa pamba: injini za Lister kutoka Dursley nchini Uingereza, matrekta ya Massey Ferguson kutoka Coventry, Valmet zilizounganishwa Kibaha, plau za UFI kutoka Ubungo, na siku hizi chochote kinachotoka China na India. Kila chuma kilikuja na vipimo vya kwao. Joseph Whitworth aliwapangia Waingereza hesi zao mwaka 1841, na nati za mpango wake hazikubaliani na spana ya milimita hata kwa kubembelezwa. Nati ya Whitworth ya bolti ya nusu inchi ina upana wa karibu milimita 23.4 kutoka bapa hadi bapa. Spana 23 haiingii. Spana 24 inaingia na kucheza, na kucheza huko ndiko kunakokula pembe za nati mpaka inabaki duara. Massey Ferguson za zamani zina inchi za mtindo mwingine. Hapo spana 19 hukaa vizuri kwenye nati ya robo tatu inchi, lakini spana 13 kwenye nati ya nusu inchi huanza ujeuri uleule, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7.

Boksi la fundi wa kijijini lina 10, 13, 14, 17, 19, na pengo la spana 12 iliyoazimwa na mtu ambaye kila mmoja anamjua na hakuna anayemwendea. Ndipo hutolewa spana ya kurekebisha, ile ambayo gereji za Tanzania huiita spana malaya kwa kuwa haikatai nati yoyote. Kweli haikatai, lakini pia haishiki hata moja sawasawa. Ikilazimu kuitumia, taya lisilosogea ndilo libebe nguvu, na lile linalosogea lisindikize tu. Wengi huishika kinyume, taya huteleza, na kidole hugonga bloku ya injini. Kwa nati iliyoshika kutu kifaa cha kutegemewa ni spana ya ringi au soketi, na iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili huingia kwa urahisi zaidi, na kwa urahisi huo huo huvua pembe za nati zote sita kwa mpigo.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni kusafisha. Hesi zinazoonekana nje ya nati zikiwa na kutu na udongo, nati italazimika kupita humo ikitoka, na itabana upya katikati ya safari. Brashi ya waya inatosha. Isipokuwepo, bati la kopo lililokunjwa hufanya kazi. Mashine ya kusaga ina uchafu wa aina yake. Unga unaovuja kwenye kifuniko cha chekeche huchanganyika na grisi na unyevu, ukakauka mgumu kama ukoko wa sufuria ya ugali, na fundi anayetaka kufungua kifuniko ili apindue nyundo zilizolika upande mmoja lazima kwanza auchokoe ukoko huo kwa msumari. Kuku hufika dakika hiyo hiyo. Hula makombo, hawachagui, na washa ndogo iliyowekwa chini kwa muda huondoka nao. Vitabu vya ufundi havina sura juu ya kuku, na ni pengo la kusikitisha.

Baada ya brashi hufuata mafuta, na mafuta ni somo ambalo kila mtu Shishiyu ana shahada yake. Kinachotakiwa ni kimiminika chepesi kitakachopenya kwenye kutu kwa kufyonzwa, jinsi utambi unavyofyonza. Yapo ya kununua kwa ajili hiyo. WD-40, iliyotengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ndiyo maarufu kuliko zote, ingawa ilibuniwa kufukuza maji kwenye vyuma na wala si kufungua nati. Hufungua kwa ukarimu wake tu. Mahali duka liko mbali, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya kazi ya kuheshimika. Mafundi wengine huchanganya asetoni na mafuta ya gia boksi ya kujiendesha, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya sana, ila sharti utikiswe kila mara kwa kuwa viwili hivyo havipendani. Mafuta ya breki hupenya kiasi, kisha hubambua rangi ya trekta, na mwenye trekta huwa hakuomba hilo.

Kuna pia dawa za kienyeji. Soda ya kola ina asidi ya fosforasi, jambo ambalo kijana mmoja katika kila kundi la watazamaji amelisikia mahali, lakini asidi yenyewe ni kidogo mno, na kinachoingia kwenye hesi ni sukari. Asubuhi nati iko palepale, imezungukwa na sisimizi. Samli haipenyi hata kidogo, ni nzito. Kazi yake kubwa ni kuwaita mbwa na kuzua swali nyumbani kuhusu kibuyu kilichopungua. Maji ya betri hayafai kabisa: ni asidi ya salfa, hula chuma kizima sawa na kilichooza, na hula suruali kwa kasi zaidi. Dawa ya asili yenye sifa ya haki ni ukwaju. Maji yake mazito yana asidi inayoyeyusha kutu polepole, na kifaa kidogo kilicholowekwa humo siku mbili tatu hutoka kikiwa kijivu na safi. Hasara yake ni kwamba hufaa tu kwa kinachoingia kwenye ndoo, na ndoo yenyewe isije ikawa ile ya uji.

Kwa vifaa vya ndoo ipo njia nyingine ambayo sola imeileta karibu. Magadi huyeyushwa kwenye maji, kifaa chenye kutu huunganishwa na upande wa hasi wa betri ya volti 12, na kipande cha chuma chakavu huunganishwa na upande wa chanya bila vyuma viwili kugusana. Mapovu hutoka, kutu hulegea na kuanguka. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, maana mapovu hayo ni haidrojeni. Na chuma cha upande wa chanya kisiwe kijiko kizuri cha mwenye nyumba, kwa sababu kijiko kisichoshika kutu hutoa sumu kwenye maji hayo, na mwenye nyumba naye hutoa ya kwake.

Mafuta yakishawekwa, vitabu vyote vinaagiza jambo moja: kusubiri. Usiku mzima ni bora, na kuongeza mafuta kila baada ya saa kadhaa ni bora zaidi. Agizo hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mashine ya kusaga haiharibiki siku ambayo hakuna foleni. Madebe ya mahindi yamepangwa, wenyewe wamekaa kivulini, na fundi amechuchumaa mbele ya nati asiyoigusa.

"Fundi, bado?" huuliza mama wa debe la kwanza.

"Bado kidogo, mayu. Inakunywa mafuta kwanza."

"Tangu asubuhi inakunywa tu?"

Swali hilo limevunja bolti nyingi kuliko kutu. Fundi mzoefu hulijibu kwa kusimama, kujifuta mikono na kwenda kutafuta kitu ambacho hakihitaji, mbali kiasi cha kutosikika. Asiye mzoefu huchukua spana.

Kabla spana haijakaa kwenye nati ni lazima mwelekeo uwe umekubaliwa. Nati za kawaida hulegea zikizungushwa kinyume cha mshale wa saa, mtu akiwa anaitazama nati usoni. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Fundi aliyelala chali chini ya trekta, mkono umezunguka ekseli, akiifikia nati kwa nyuma bila kuiona, kulia na kushoto kwake vimebadilishana bila taarifa. Anaweza kusukuma nusu saa kwa bidii na jasho akiikaza nati aliyotumwa kuilegeza, huku watu watatu waliosimama wakimpa moyo. Ipo pia nati ya kinyume kwa kuzaliwa. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina hesi za kinyume ili mwendo wa mguu usiifungue njiani, na katika nchi ya baiskeli nyingi hivi bado kila mwaka yupo anayeivunja akidhani imegoma. Mashine zinazozunguka nazo huwa na nati za kinyume upande mmoja wa shafti. Hesi zinazoonekana hujieleza zenyewe: bolti ikisimamishwa wima, hesi za kawaida hupanda kuelekea kulia, za kinyume hupanda kuelekea kushoto. Kutazama huchukua muda mfupi kuliko kubishana.

Kisha huja nguvu, na pamoja nayo bomba. Hakuna nati iliyogoma Shishiyu ambayo haijapendekezewa bomba: kipande cha paipu kinachovishwa kwenye mkono wa spana ili urefu uongezeke. Hesabu yake ni nyepesi. Bolti ya milimita 12 ya daraja la 8.8 hukazwa kwa nguvu inayolingana na kilo 8 hivi zinazoning'inia mwisho wa mkono wa mita moja, na chini ya kilo 20 kwenye mkono huo huo hutosha kuikata. Mtu mzima anayeegemea bomba la mita moja ana kilo zaidi ya hizo kwenye bega moja. Ndiyo kusema bomba halishindwi. Linashinda daima, swali ni linamshinda nani. Ama nati inalegea, ama bolti inakatika, ama spana inapanuka mdomo, ama bomba linachomoka na mwenye nalo anakwenda kukaa kwenye kibuyu cha maziwa. Yote manne yakitokea, watazamaji husema walijua.

Nguvu yenye akili ni ya kutikisa. Nati hukazwa kidogo kwanza, upande ule ule wa kufungia, mpaka isikike ikitoa mlio mfupi mkavu. Mlio huo ni kutu inavunjika, na mkono ulioshika spana huusikia kabla ya sikio. Baadaye hulegezwa robo zunguko, hurudishwa, huongezwa mafuta, hulegezwa tena. Mtu anayeizungusha moja kwa moja kwa furaha mara tu inapoanza kusogea huukusanya unga wa kutu mbele ya nati, na nati hukwama mara ya pili mahali pabaya zaidi. Nyundo nayo ina nafasi yake, tofauti na ile inayodhaniwa. Haipigwi bolti kwenye ncha ya hesi, kwani ncha itatanuka na nati haitatoka tena maisha. Hupigwa nati yenyewe kwenye bapa zake, mapigo mepesi mengi kuzunguka, huku nyundo nyingine nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Mshtuko mdogo unaorudiwa hupasua kutu. Pigo moja kubwa hupasua chuma cha kusubu, na bloku za injini nyingi kuukuu ni chuma cha kusubu.

Mafuta na nyundo zikishindwa, huitwa moto. Chuma kikipata joto hutanuka, sehemu 12 kwa kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Kinaonekana kidogo, lakini nati yenye tundu la milimita 20 ikipata nyuzi 300 zaidi ya bolti yake hupanuka karibu milimita 0.07, na hiyo ni nafasi tosha kwa kutu kuachia. Siri ni kuipasha nati na kuiacha bolti. Wenye gesi ya kuchomelea huzungusha ndimi za moto kwenye nati mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha hujaribu ingali moto. Mshumaa ukiguswa kwenye hesi zilizopoa kiasi, nta huyeyuka na kunyonywa ndani mahali mafuta yalikataa kufika. Ni njia safi na ya kupendeza kutazama, na mtu anayeiona mara ya kwanza huwa haiamini mpaka nati inapozunguka kwa vidole vilivyovaa kitambaa.

Mabaya ya moto ni mengi, na mengi yake yanatokana na kumbukumbu fupi. Nati iliyomwagiwa dizeli na mafuta ya taa tangu jana haijasahau, hata kama fundi amesahau. Moto ukisogezwa, huwaka ghafla na kuchukua nyusi. Nyusi huota tena baada ya majuma kadhaa, na katika majuma hayo kila salamu ya asubuhi hufuatiwa na swali. Asetoni haina hata huo uungwana wa kuchukua nyusi pekee. Moto usifike karibu na tangi la mafuta, mipira ya kuzuia oili wala beringi. Na chuma cha kusubu kilichopata moto kisimwagiwe maji ili kipoe haraka. Kitapasuka, na mlio wa kupasuka kwake hautofautiani sana na ule mlio mkavu wa kutu kuachia, kiasi kwamba watu wamewahi kushangilia.

Ipo hukumu ambayo fundi mzuri huitoa mapema na fundi mwenye kiburi huichelewesha: kuikata nati. Nati ni kitu cha bei ndogo. Tindo kali na nyundo huipasua kwenye bapa moja, au msumeno wa chuma hupita sambamba na bolti bila kuigusa, nati hufunguka kwa kupanuliwa, na kazi imekwisha kabla ya uji wa saa nne. Grenda hufanya hivyo kwa dakika, mradi cheche zielekezwe kusikokuwa na marobota ya pamba. Wanaoona haya kukata huwa wanatetea muda waliokwisha kuupoteza, na muda huo haurudi hata nati ikitoka nzima.

Bolti ikikatikia ndani, sura nyingine inaanza. Hapo mgeni hutambulika kwa kuondoka na mwenyeji kwa kunyamaza. Kama kuna kipande kilichochomoza, nati mpya huwekwa juu yake na kuchomelewa kwa ndani ya tundu. Kipande hupata kichwa kipya, na joto la kuchomelea hulegeza kutu kwa wakati mmoja. Mafundi wengi wa kuchomelea hawajui kwamba joto ndilo lililofanya nusu ya kazi, na hutoza yote. Kama kimekatikia usawa wa uso, hupigwa alama katikati kabisa, kisha hutobolewa kwa ncha nyembamba na kupanuliwa taratibu. Kwenye katikati hakuna mjadala: tundu likienda kombo milimita mbili linakula hesi za bloku, na bloku haiuzwi dukani Maswa mjini. Vipo vyuma vya kuchomolea vyenye hesi za kinyume, vinavyosokotwa ndani ya tundu mpaka vishike. Ni vigumu mno, hivyo huvunjika badala ya kupinda, na kikivunjikia ndani hakuna kekee ya kawaida itakayokitoboa. Kabla ya kukitumia, kipande cha bolti kiwe kimepashwa moto na kulowa mafuta upya. Kifaa hicho ni cha kumalizia, si cha kuanzia.

Plau inahitaji maelezo yake kwa sababu bolti zake hazina kichwa cha kushika. Kichwa chake kimezama kwenye ulimi wa plau ili kisizuie udongo, na chini yake kuna shingo ya mraba inayokaa kwenye tundu la mraba. Udongo wenye mchanga hula kichwa, kutu hula mraba, na siku ya kubadilisha ulimi bolti nzima huzunguka pamoja na nati, bila kelele na bila mwisho. Mtu anaweza kuizungusha hivyo jioni nzima akiamini kwamba inafunguka. Dawa ni kuibana bolti kwa kuchomeka tindo nyembamba pembeni ya shingo, au kuchonga mfereji kwenye kichwa kwa msumeno ili bisibisi kubwa ishike. Kwa kuwa bolti hiyo imekwisha hata hivyo, kuikata kwa tindo upande wa nati ndiko kuna heshima zaidi, na ng'ombe waliofungwa nira tangu alfajiri huunga mkono.

Injini ya Lister ya muundo wa CS, iliyotengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 1930 hadi 1987 na kuigwa sana Rajkot, India, ina kitu ambacho si nati wala bolti lakini ni ndugu yao wa karibu. Magurudumu yake mawili mazito hushikwa kwenye shafti kwa kabari yenye kichwa, nene kwa nje na nyembamba kwa ndani. Kabari iliyokaa miaka thelathini haina haraka. Watu huivuta kwa kuingiza tindo nyuma ya kichwa na kupiga, kichwa hukatika, na kabari hubaki ndani kabisa ikiwa haina tena pa kushika. Njia nzuri ni ya kulihamisha gurudumu, si kabari. Mafuta huwekwa siku mbili, kisha kipande cha mti mgumu huegemezwa kwenye kitovu cha gurudumu na kupigwa kwa nyundo nzito kuelekea kwenye injini. Gurudumu likisogea ndani hata kwa upana wa ukucha, linaiacha sehemu nene ya kabari, na kabari hutoka kwa kuvutwa. Kazi hiyo inataka watu wawili, na wa pili asiwe yule aliyesimama mbele ya gurudumu kutazama kama linakuja.

Nati ikishatoka, kuna kurudisha. Bolti iliyovutika, yenye hesi zilizolika au iliyopata moto mpaka ikawa nyekundu haifai tena. Moto huo umeilainisha. Mpya isomwe kichwani: 8.8 ni ya mashine, na isiyo na alama yoyote ni ya kitanda. Hesi zipakwe grisi, au hata oili chafu ya injini kama grisi imekwisha, na nati ianzishwe kwa vidole kabla ya spana, maana iliyoanza kombo itakaza vizuri sana na kutoka na hesi zake siku ya kufunguliwa. Nati ya kinyume iwekewe mshale wa chaki. Katika wilaya iliyojulikana kwa kiwanda chake cha chaki hakuna udhuru. Vipande vilivyofunguliwa vipangwe juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka, mbali na kuku na mbali na watoto wanaotafuta magurudumu ya gari la kuchezea. Na mashine ikishafungwa yote, kama kwenye gunia kumebaki nati moja, isitiwe mfukoni: injini isiwashwe mpaka tundu lake lionekane.